Alichokidaka Injinia

Siku Mama aliyoruhusiwa kutoka hospitali, Cheche alifunga duka lake la mikate mapema, akatoa matrei yote kwenye gari, akatandika godoro jembamba nyuma, akaenda kumchukua. Jina la Cheche alipewa na mama huyohuyo, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuwaka bila kiberiti. Hata sasa, mwanamke mzima mwenye tanuri lake na wafanyakazi wanaomwogopa, nyumbani hakuna aliyemwita vinginevyo. Kaka yake, karani wa bima, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, walimwita Baridi.

Daktari alikuwa amesema wazi. Nyonga imewekwa chuma, mama atatembea tena, lakini kwa sasa ngazi ni marufuku. Alale chini, mahali penye nafasi ya kuzunguka na fremu yake ya kutembelea. Cheche alimpigia baba yake simu palepale.

"Chumba kitakuwa tayari," baba alisema. "Msiwe na wasiwasi."

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu. Nyumba yao ilikuwa nyembamba, ya ghorofa moja. Juu palikuwa na vyumba viwili vya kulala. Chini palikuwa na jiko, sebule ambayo ukiingiza mgeni wa tatu lazima mmoja asimame, na chumba kikubwa chenye dirisha la mtaani. Hicho kikubwa watoto walikibatiza Ikulu, kwa sababu hakuna aliyeingia bila ruhusa.

Baba yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia, alitumia ujana wake wote ndani ya matumbo ya meli za mizigo, akihudumia mitambo. Mabaharia wenzake walirudi na redio na manukato. Yeye alirudi na vitu vya kale vilivyofungwa ndani ya maovaroli yake. Taa za udongo za kuwashia mafuta, ndogo kama kiganja. Kengele ya shaba iliyoota ukijani. Vinyago vya mbao vyenye macho ya simbi, yale makombe madogo ya pwani. Chupa ya kioo iliyokaa mchangani karne na karne mpaka ikang'aa rangi za upinde wa mvua. Kichwa cha jiwe kisicho na pua. Na juu ya vyote, mtungi mkubwa wa kaure, mweupe wenye samaki wa buluu wanaozunguka tumbo lake, alioupata katika bandari moja ya Mashariki na kuupakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Alivipenda. Hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Alinunua vitabu, akajifunza aina za udongo na moto uliouchoma. Angeweza kukuonyesha alama ya kidole cha mfinyanzi aliyekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na sauti yake ikatetemeka. Cheche na Baridi walilala kitanda kimoja mpaka umri ambao ilikuwa aibu kusema shuleni, ilhali kichwa cha jiwe kilikuwa na meza yake na taa yake.

Aliyevipangusa vumbi kila asubuhi alikuwa Mama. Injinia alimnunulia brashi laini ya manyoya. Alisema mikono yake mwenyewe ni ya spana, haifai kwa kazi nyororo.

Gari lilipofika, Injinia alikuwa mlangoni, amevaa shati lililopigwa pasi. "Karibuni, karibuni. Pole, mama watoto. Pole sana."

Baridi alisukuma kiti cha magurudumu, Cheche akabeba fremu na mfuko wa dawa. Walipofika kwenye mlango wa Ikulu, Baridi akageuza kiti.

"Hapana, moja kwa moja," Injinia alisema. "Moja kwa moja, jikoni."

Jikoni, kati ya friji na mlango wa uani, alikuwa amepanga makreti ya soda, juu yake akaweka godoro la mtu mmoja. Alikuwa amefunga kamba ukutani na kutundika pazia. Shuka lilikuwa safi. Kando ya mto wa kulalia alikuwa ameweka ua ndani ya bilauri. Friji ilikuwa inanguruma kama mzee anayekoroma.

Kisha Cheche akaweka fremu chini.

"Baba, hiki ni nini?"

"Ni kwa muda tu."

"Nakuuliza hiki ni nini."

"Hapa kuna joto, choo kiko karibu, akitaka chai, hii hapa..."

"Ulisema chumba kiko tayari!"

"Sikusema chumba gani." Injinia alijaribu kutabasamu, tabasamu likakosa pa kukaa. "Sikiliza, mwanangu. Vile vitu si viazi. Huwezi kuvikusanya ukavitupa stoo. Kule juu paa linavuja, kuna unyevu. Vinyago vitaota ukungu. Na ule mtungi una ufa, mwembamba kama unywele, chini ya mkia wa samaki wa tatu upande wa kushoto. Ukiushika vibaya unafunguka wote. Nahitaji wiki kadhaa kuvipanga."

"Alikaa hospitali muda wote ule. Ulikuwa unafanya nini?"

"Cheche," Baridi akaingilia, mkono hewani kama askari wa barabarani. "Tuongee polepole. Baba ni baba."

"Na huyu ni nani? Huyu ni mpangaji?" Alimgeukia tena baba yake, na safari hii hakupiga kelele. "Sawa. Ufa uko chini ya mkia wa samaki wa tatu, upande wa kushoto. Mama amevunjika nyonga ya upande gani?"

Injinia alimtazama.

"Swali rahisi, Baba. Upande gani?"

"Kulia," alisema Injinia.

"Kushoto," Mama alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. Alikuwa ameketi kitini na mkoba mapajani, ametazama pazia lile la kwenye kamba. Uso wake haukuwa na machozi. Ulikuwa umekaza kama uzi wa cherehani.

"Na sikuteleza bafuni," akaongeza.

Watu wote walikuwa wameambiwa bafuni. Daktari, majirani, shangazi, wateja wa mikate waliokuja kumpa Cheche pole. Maji, sabuni, sakafu, basi. Cheche alikuwa amekwishanunua zulia la mpira la kuzuia kuteleza. Lilikuwa garini.

"Mama watoto," Injinia alisema kwa sauti ya chini, "haya tulishayaongea."

"Uliyaongea wewe. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni." Mama alimgeukia bintiye. "Nilikuwa napangusa rafu ya juu. Nimesimama kwenye kigoda. Kigoda kikayumba, nikajishika rafu, rafu ikainama. Nikaanguka mimi na mtungi ukaanguka. Baba yenu alikuwa pale, karibu kama ulivyo wewe na friji."

Aliusogeza mkoba mapajani.

"Akaudaka mtungi."

Hata Baridi aliangusha mkono wake.

"Aliudaka vizuri sana," Mama aliendelea. "Haukupata hata mkwaruzo. Akaurudisha rafuni, akahakikisha umekaa sawa. Kisha akaniuliza kama nimeumia."

Cheche hakukumbuka baadaye alivyotoka jikoni. Alijikuta Ikulu, katikati ya macho ya simbi, mikono yake imeukumbatia mtungi. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na baridi. Injinia alimfuata mbio, akasimama mlangoni, uso umepauka kama unga.

"Shika chini!" alipiga kelele. "Chini, Cheche! Usishike shingoni!"

Hapo ndipo alipotaka kuuachia. Alitaka kuusikia ukitua sakafuni, samaki wote wakatawanyika. Mikono aliyokuwa nayo ilikuwa ya kubeba magunia ya unga, na sasa alianza kuilegeza.

"Cheche!" Mama aliita kutoka jikoni. "Usiuvunje!"

"Kwa nini nisiuvunje?"

"Ukiuvunja, kesho yeye ndiye atapewa pole. Mwachie mtungi wake. Nipeleke kwako."

Aliuweka mezani, pembeni ya kichwa kisicho na pua. Wakatoka na kiti, na fremu, na mfuko wa dawa. Injinia alisimama kizingitini akisema, "Mnakwenda wapi? Mtaa mzima unatazama," na Cheche akawasha gari bila kumuaga. Hata kwaheri hakumpa, yeye ambaye tangu ajue kusema hakuwahi kutoka nyumba ile bila kuaga.

*

Cheche aliishi nyuma ya duka. Chumba alichompa Mama kilikuwa kidogo, lakini ukuta wake mmoja ulishikana na tanuri, kwa hiyo kilikuwa na joto mchana kutwa na kunukia mkate. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mnene mcheshi, alikuja kumfundisha Mama kutembea upya: fremu mbele, mguu mbovu, mguu mzima.

Siku za mwanzo Mama alitembea kimya, akiuma meno. Halafu, asubuhi moja, akaanza kutukana.

"Fremu," alisema. "Mguu. Kengele ya shaba, mavi ya kunguru!"

"Mama!"

"Niache. Inasaidia." Akasogeza fremu tena. "Ile kengele alikuja nayo mwaka ulipougua surua. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati kwenye mvua. Yeye alikuwa bandarini anapatana bei na muuza kengele." Hatua. "Kichwa cha jiwe. Baridi alipozaliwa. Mtoto alikuja miguu imetangulia, nusura tufe wote wawili. Baba yenu akaingia baadaye na kichwa chini ya kwapa, ananiambia tazama, mke wangu, tazama nywele zilivyochongwa." Hatua. "Ile chupa ya rangi rangi, nilipomzika mama yangu."

Cheche alisimama na kitambaa cha unga mkononi. Vitu vile alikuwa amevijua maisha yake yote. Alidhani ni safari za baba yake zimepangwa rafuni. Sasa aliona kwamba kila kimoja kilikuwa siku ambayo mtu fulani alihitajika nyumbani na hakuwepo. Na Mama alikuwa akizipangusa siku hizo vumbi, moja moja, kwa brashi laini, kila asubuhi.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Ningemwambia nani? Alikuwa baharini." Mama alifika dirishani, akashika kizingiti, akacheka kwa hasira. "Na aliporudi, alikuwa Ikulu."

Baridi alikuja siku moja na kisanduku cheusi kilichonakshiwa korongo wa dhahabu, kazi ya mikono ya kale. Alikiweka kitandani kwa uangalifu kama anaweka yai.

"Baba ameleta pole."

"Amekuleta wewe," Mama alisema. "Rudisha. Mwambie sina pa kukiweka, nalala kwa watu."

"Mama, anateseka. Hali vizuri. Lazima mmoja wenu ashuke."

Cheche akataka kujibu, lakini Mama alimtangulia. "Baridi, mwanangu, tangu uko mdogo unaumwagia maji moto wa kila mtu. Huu niachie. Nimeuwasha mwenyewe."

Baridi alitoka na kisanduku chake, masikio mekundu. Alipopita dukani hakununua hata andazi.

*

Injinia alikuja mwenyewe siku yenye wateja wengi. Alisimama mlangoni mwa duka na kofia mkononi. Cheche alimwona, akaendelea kufunga mikate ya mteja. Shikamoo ilimjia mdomoni kwa mazoea, akaimeza. Baba yake aliingoja. Ilipoonekana haiji, akainamisha kichwa.

"Nimekuja kumwona mama yako."

"Amelala."

"Sijalala!" ilisikika sauti kutoka ndani. "Mwache apite."

Cheche alimpisha, kisha akaacha duka kwa msaidizi wake na kumfuata. Hakuwa tayari kuwaacha peke yao. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Injinia aliketi ukingoni mwa kiti. Alikuwa amekonda, shati halikupigwa pasi.

"Nimewaza sana," alisema. "Sikuchagua, mama watoto. Nakuapia. Sikuuona mtungi nikakuona wewe nikasema nachukua huu. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Najua," Mama alisema.

"Basi kama unajua..."

"Ndicho kinachonichoma. Ungewaza, ungekosea, ningesema mtu amekosea. Lakini hukuwaza. Mkono ulijua wenyewe pa kwenda. Umeufundisha maisha yako yote."

Injinia aligeuza kofia mikononi. Nyuma ya ukuta tanuri lilivuma.

"Nitauza vyote," akasema hatimaye. "Mtungi nitauvunja. Mbele yako, ukitaka. Sasa hivi naenda kuuleta."

"Usiniletee maiti za vitu vyako." Mama alijiinua, akashika fremu, akasimama, ili amtazame kutoka juu. "Sina ugomvi na kaure. Nataka mambo mawili. Kwanza, kile chumba. Ile nyumba, wakati inajengwa wewe ulikuwa majini, mimi nilikuwa juu ya kokoto nagombana na mafundi na mimba tumboni. Nakitaka kitupu, na usiite watu wa kubeba. Beba mwenyewe, kwa hiyo mikono ya spana."

"Nitabeba."

"Pili, wote uliowaambia bafuni, ukawaambie mtungi."

Injinia alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa la kwanza. "Wote?"

"Wote."

"Hata dada yangu?"

"Yeye anza naye."

Aliondoka bila kusema kitu kingine. Cheche alifunga mlango kwa kishindo.

"Hatathubutu," alisema.

Lakini alithubutu. Baridi ndiye aliyeleta habari, safari hii bila kupoza neno. Shangazi alikuwa amemtukana Injinia kwenye simu mpaka simu ikaisha chaji, akaazima nyingine akamalizia. Mwenye duka la jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Kumbe," na tangu hapo hakumtania tena. Fundi viatu wa kona, aliyekuwa akija kutazama vinyago kila Jumapili, hakuja tena. Injinia alikwenda mlango kwa mlango, kofia mkononi. Na jioni alipanda na kushuka ngazi akibeba, mpaka kiuno kikamkaza na kulazimika kupumzika kila ngazi ya pili. Kitanda chao cha ndoa kilijaa kengele na taa za udongo. Yeye alilala kwenye kiti.

Mama aliposikia hayo yote, akasema, "Nitarudi mwisho wa mwezi."

Cheche aliuacha mkate ukaungua. "Unarudi? Baada ya yote haya? Unarudi kwa nani?"

"Narudi kwangu."

"Kwa mtu aliyekuacha uanguke!"

"Nimesema kwangu. Sikusema kwake." Mama naye akapandisha sauti. "Unataka nikae hapa ninukie hamira mpaka nife, ili yeye abaki na nyumba yangu? Hasira yako naipenda, mwanangu, imenibeba nilipokuwa siwezi kutembea. Lakini usitake kunipangia yangu ikae wapi."

Hawakusemeshana mpaka kesho yake. Cheche alikanda unga siku ile kama anampiga mtu.

*

Mwisho wa mwezi Cheche alimrudisha mwenyewe, na kopo la rangi ya njano aliyoichagua Mama. Ikulu ilikuwa tupu. Ukutani, mahali rafu zilipokuwa, rangi ya zamani ilikuwa imebaki mbichi, mistari na miraba, kama nguo iliyofichwa jua. Kitanda kilikuwa kimewekwa upande wa dirisha, kwa hiyo mtu akilala anauona mtaa. Mama alizunguka chumba chote na fremu yake, ukuta hadi ukuta, bila kukwepa kitu.

"Kikubwa," alisema. "Kumbe ni kikubwa hivi."

Injinia alikuwa amesimama chini ya ngazi. "Chakula nimepika," alisema. "Sijui kama kinalika."

Cheche alifungua kopo, akaanza kupaka. Alipaka kwa nguvu, rangi ikimrukia usoni. Hakuwa amemsamehe baba yake na hakuona dalili kwamba atamsamehe. Alipopita karibu naye hakumtazama. Baridi alikuja kushika ngazi ya kupandia, akasema, "Basi, yameisha," na Cheche akamjibu kutoka juu, "Wewe shika ngazi."

Mchana Mama aliketi kitandani na kikombe cha chai. Mlango ulikuwa umefungwa ili harufu ya rangi itoke dirishani. Nyayo zikaja taratibu korido nzima, zikasimama.

"Hodi," ilisema sauti ya Injinia.

Mama alipuliza chai. Akanywa funda, akalimeza, akatazama mtaani ambako mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye pancha.

"Hodi," sauti ilirudia.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Kukawa kimya huko nje, kimya cha mtu anayetafuta jibu. Cheche, brashi mkononi, alimtazama mama yake, na Mama akajiwekea kidole midomoni, akanywa funda jingine.